Jahazi langu kwenye kanda ya kaseti

ZX Spectrum ya mjomba, kompyuta ya zamani ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, ilikaa kabatini Kibokoni, Mombasa, miaka mingi. Aliinunua Uingereza enzi za ubaharia wake, nami ndiye niliyeifufua. Nilichora jahazi kwenye skrini, nikataka kulihifadhi kwenye kaseti kwa asembli, yaani amri za moja kwa moja za prosesa, bila kupitia BASIC, lugha rahisi ya programu iliyomo ndani yake.

Kuhifadhi hakukunisumbua. Rutini, yaani kijiprogramu cha kazi hiyo, imo ndani ya ROM, kumbukumbu ya kudumu ya kompyuta, anwani 1218. Unatia 16384, mwanzo wa skrini, kwenye rejista IX, mojawapo ya visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa; urefu, baiti 6912, kwenye DE; 255 kwenye A; kisha unaiita rutini kwa CALL. Haikufika dakika moja, jahazi likawa kwenye kanda.

Kupakia, yaani kuirudisha picha kutoka kwenye kanda, ndiko kulikonitoa jasho. Rutini ya 1366 inataka rejista zilezile, na kabla ya kuiita uwashe bendera ya C, alama ya ndiyo au hapana ndani ya prosesa, kwa amri ya SCF, la sivyo italinganisha tu kanda na kilichomo kwenye kumbukumbu. Ikirudi na C imewaka, mambo sawa, imezimika, imeshindwa. Nikaandika kwamba ikishindwa irudi ijaribu tena.

Kwa joto na unyevu wa Mombasa kanda huota kuvu, na yangu ilikwama njiani. Nikairudisha nyuma, nikaicheza upya. Tanga, nililolichora juu kabisa, likaanza kujitokeza katikati ya skrini, mistari yake imevurugika, likifunika ubavu wa jahazi! Siku 2 nzima nililaumu kichwa cha redio kaseti. Nikakisugua kwa pamba na spiriti, wapi.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye lile tanga. Kila baiti inapoingia, rutini husogeza IX mbele na kupunguza DE. Kanda ikikatika, IX inabaki palepale ilipofika. Nami, kila ikishindwa, nilikuwa narukia kwenye LD A,255, amri ya kutia 255 kwenye A, mstari ulio chini ya ile ya kujaza IX na DE, kwa hiyo jaribio la pili lilianzia katikati. Nikahamisha lebo, alama ya mahali pa kurukia, juu mistari miwili tu, ili zote zijazwe upya. Kanda ilikwama tena mara moja, na jaribio lililofuata likaleta jahazi zima.

Nikamwita mjomba. Alisogeza kiti hadi karibu na TV, akaliangalia kimya, kisha akagusa kioo nyuma ya tanga.

"Mwanangu, mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma, uko wapi?"

Nikauchora usiku uleule, nikauhifadhi upande wa pili wa kanda.