Pakiti ya taa ya dagaa, wiki ya sita: mchawi nimempata

Saa nne usiku, umeme umerudi, nimekaa sakafuni na seli nne zilizotoka kwenye chaja. Nazigusisha shavuni moja moja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tatu baridi. Ya nne, yenye ganda la pinki, ina uvuguvugu wa chai iliyosahaulika mezani. Anayevuja chaji kwa ndani ni wewe, mshenzi!

Pakiti ni ya shemeji yangu, mvuvi wa Igombe, Mwanza: 3S4P, yaani makundi matatu yaliyofuatana, kila moja seli nne sambamba, zote 18650, zile za lithiamu za mviringo, kutoka betri za laptop zilizokufa. Tabu ilikuwa kundi la kati. Najaza yote mpaka volti 4.2, pakiti nzima inasoma 12.6. Siku tano baadaye mawili ya pembeni yako 4.15, la kati 3.6. Nikailaumu bodi ya BMS, ile inayokata umeme kundi likijaa au likiisha, nikanunua nyingine: yaleyale. Nikailaumu mita. Nikafumua vichwa vyote vya chanya, maana pale utepe wa nikeli ukipenya karatasi ya kuzuia umeme unagusa ganda, ambalo ni hasi, na seli inajila polepole. Nikabadilisha karatasi zote kumi na mbili. Wapi!

Shemeji akaenda nayo ziwani hivyohivyo, asije akakutwa na mbalamwezi, dagaa wakaipuuza taa. Hesabu yangu ilikuwa taa ya wati 10 ikae saa saba. Saa nane usiku kundi la kati likagonga chini, BMS ikakata zote, dagaa wakahamia kwenye taa za jirani. Asubuhi akanirudishia: "Shem, taa yako ina usingizi kuliko mimi."

Kosa nililifanya wiki ya kwanza. Nilipima uwezo, seli zikaleta 1,700 mAh na ushee (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), nikazilaza zikiwa zimejaa siku moja tu, nikaunganisha. Seli inayovuja kwa ndani inafaulu mtihani wa uwezo kabisa. Kinachoiumbua ni kulala. Na ikishafungwa sambamba na wenzake watatu, mita haikuambii nani anakula, wote wanasoma volti ileile. Sasa nazilaza wiki tatu, kila moja na tarehe na volti yake kwa maka. Ikishuka chini ya 4.1 haipandi mtumbwini.

Faida moja ya mashine ya doti, inayounganisha utepe kwa mpigo wa umeme bila risasi, nimeiona nilipolifumua kundi la kati: utepe unaubandua kwa koleo, seli inabaki nzima. Ninyi mnaolehemu kwa risasi moja kwa moja kwenye seli, endeleeni kuzipika.

Mchawi yumo kwenye ndoo ya rangi yenye mchanga mkavu, pamoja na wenzake ishirini na wawili. Kila mmoja nimemnyonya kwa balbu ya tochi, kisha nikamfunga ncha kwa selotepu. Maji ya chumvi niliacha: ncha zinaliwa na kutu, unadhani seli imeisha kumbe chaji imo ndani. Ndoo hii ndiyo inayoninyima raha. Mnunuzi wa chuma chakavu anaipokea betri ya gari kwa mikono miwili kwa ajili ya risasi yake, lakini hizi za lithiamu akiziona anatikisa kichwa. Kuzipeleka dampo la Buhongwa sithubutu, seli ikipondwa chini ya mzigo inawasha moto. Jirani ananiambia nizifukie ufukweni. Ziwa hilohilo tunalochotea maji! Zitakaa kwenye mchanga wao mpaka ndoo ijae, nizikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira.

Wiki hii ilikuwa ya kutengeneza kisanduku kisichopitisha maji. Juzi nikaenda Makoroboi kutafuta bati, na pale jina la mtaa lenyewe ni koroboi, vile vibatari vya makopo. Nimeshika kimoja, kidogo, kimechomelewa vizuri, nikasahau bati. Nina seli kama kumi za 1,000 mAh, hazina uvujaji, ila kwa pakiti ni dhaifu. Seli moja tumboni, bodi ndogo ya kuchajia, TP4056, chini yake, LED ya wati moja pale panapotokea utambi. Ya kwanza imewaka jana kwa muda wa saa tatu na kidogo. Tundu la utambi ni jembamba, nimelipanua kwa tupa hadi vidole vikachubuka.

Shemeji amepiga kuulizia kisanduku. Nimemwambia giza lijalo.