Chanjo ya bure haina ada: tapeli anapitia wapi

Kampeni ya chanjo ikitangazwa, watu wengi hujua mawili tu: chanjo imefika, na foleni ni ndefu. Tapeli anajipenyeza hapo hapo. Anauza nafasi. Atakwambia jina lako limechaguliwa, dozi zimebaki chache, lipa ada ndogo leo uchanjwe kesho. Chanjo ambayo serikali imetangaza kuwa ni bure haina ada ya usajili, ya kuwekewa dozi wala ya kurukishwa foleni. Ukitajiwa ada, kata simu. Na udogo wa kiasi usikulegeze, maana mara nyingi hicho ni chambo tu cha kukufikisha kwenye ukurasa wa kujaza namba za kadi ya benki.

Ndivyo ilivyokuwa Uingereza chanjo za korona zilipoanza Desemba 2020. Watu walipokea meseji zilizojifanya za NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, wakibonyeza linki wanakuta fomu inayofanana na ya kweli, na mwisho wa fomu wanaombwa kadi ya benki "kuthibitisha utambulisho". Mchanjaji anahitaji jina, umri na historia yako ya kiafya. Kadi ya benki haina kazi hapo.

Usiamini jina la mtumaji. Linaweza kughushiwa, na simu yako itaipanga meseji ya tapeli chini ya meseji halali ulizowahi kupokea kwa jina hilo hilo. Angalia linki. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi kushoto. Anwani kama wizara-ya-afya.chanjo-leo.com ni mali ya aliyesajili chanjo-leo.com, hayo maneno ya mbele anaweza kujiandikia yeyote. Linki iliyofupishwa haikuonyeshi hata hilo. Iache, uandike mwenyewe anwani unayoijua, au uulize kwenye kituo cha afya.

Mtego unaowanasa hata watu makini ni wa namba ya tarakimu sita. Anapiga mtu mwenye sauti ya upole, anauliza umri wako, anakupangia siku. Kisha: "Nimekutumia namba ya miadi, nisomee tafadhali." Namba inaingia kweli, ila imetoka WhatsApp, kwa sababu wakati mnaongea yeye anasajili akaunti yako kwenye simu yake. Ukimsomea, baada ya dakika chache ndugu zako wanaombwa pesa kwa jina lako. Soma meseji nzima kabla ya kutaja tarakimu hata moja, kwani yenyewe husema namba ni ya nini na kwamba usimpe mtu. Leo hii ingia kwenye mipangilio ya akaunti uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako. Kama umeshaibiwa, sajili tena namba yako papo hapo. Ukiingiza namba mpya ya uthibitisho, tapeli anatolewa. Akiwa ameshaweka PIN yake utasubiri siku saba kuingia, lakini naye hatakuwa ndani.

Chanjo bandia yenyewe ni hatari zaidi, na haina dalili za wazi kama watu wanavyodhani. Kolkata, India, mwaka 2021, mamia ya watu walichanjwa kwenye kambi ya uongo. Polisi walikuta vichupa vyenye lebo ya Covishield, chanjo ya korona inayotengenezwa India, iliyobandikwa juu ya lebo ya amikacin, dawa ya kuua bakteria. Mbunge mmoja aliyechanjwa hapo alishtuka kwa sababu ile meseji ya kuthibitisha dozi haikuja. Hiyo ndiyo kinga ninayoiamini kuliko jicho: dozi halali huacha kumbukumbu kwenye daftari au mfumo wa serikali. Kama mahali ulipochanjwa hakuna daftari wala mfumo huo, uliza siku hiyo hiyo.

Jicho nalo lina kazi yake. Omba kuonyeshwa kichupa kabla dawa haijavutwa, usome jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Agosti 2021 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya vichupa vya Covishield vya mililita 2 vilivyopatikana India, ujazo ambao mtengenezaji halisi hakuwa akiutoa. Sindano ifunguliwe mbele yako. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwa hiyo anayekuja nyumbani na kichupa mfukoni usimpe mkono wako.

Ukishachanjwa, usirushe picha ya kadi mtandaoni. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya toleo, yaani kila anachohitaji mtengeneza kadi feki. Halafu kuna ile ya "jaza maoni kuhusu chanjo upate zawadi, lipia usafirishaji tu". Ifute.

Kama pesa zimeshatoka, anza na benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, au mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, polisi wafuate. Usifute meseji yoyote. Kama uliyechomwa una shaka na dozi, nenda kituo rasmi na kadi uliyopewa, ueleze siku, mahali na mkono uliochomwa, waamue lini uchanjwe upya. Usikae ukijiona umekingwa. Na siku chache baadaye, akipiga mtu anayesema anaweza kurudisha pesa zako kwa ada ndogo, ujue namba yako imeuzwa kwa tapeli wa pili.