Karatasi 63 kwenye Mkebe wa Biskuti

Jumapili, 9 Novemba 2025, usiku

Stima imepotea tangu saa moja. Nimeketi barazani na tochi ya simu, mkebe wa biskuti uko mapajani, umejaa vikaratasi.

Leo baada ya ibada ya kwanza vika alituomba tusitawanyike. Sinodi inakaribia, akasema, na anataka apeleke maoni ya waumini: mnatumaini nini kwa Kanisa letu la Kianglikana siku zijazo, na mnahofia nini? Yaandikwe, yakusanywe, yatiwe kwenye ukurasa mmoja. Kisha akanitazama, nami nikajua kumekucha. Ukiwa mwalimu mstaafu, kila kalamu ya kanisa ni yako.

Tukakata kurasa za daftari, tukagawa. Lakini kabla watu hawajaandika, waliongea, na walioongea waliongea Canterbury, kule Uingereza kwenye kiti cha kiongozi wa Waanglikana duniani. Mzee mmoja wa KAMA, chama chetu cha wanaume, ambaye hata siku ya kusomwa hesabu hafungui mdomo, alisimama akatupa kisa chote. Gafcon, umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kale, ilianza Yerusalemu mwaka 2008, ikaja Nairobi 2013. Kanisa la Uingereza likaruhusu sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Tarehe 3 Oktoba mwaka huu akatangazwa Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza. Hata mwezi haujaisha, Askofu Mkuu wa Rwanda, Laurent Mbanda, akatangaza kwa niaba ya Gafcon kwamba ushirika wa Waanglikana unapangwa upya na Canterbury haimo tena. "Sasa sisi tuko wapi?" akauliza mzee. Makofi. Mama mmoja wa nyuma akamjibu bila kusimama kwamba kama tatizo ni mwanamke, dayosisi ya Butere, hapa hapa Kenya, wana Askofu Rose Okeno tangu 2021, naye hajasikia mahindi ya huko yamekataa kuota. Makofi tena, ya wengine. Nusu saa ikaenda hivyo, na mahamri ya akina mama pale nje yakapoa.

Nimezifungua karatasi zote. Ni 63. Canterbury imo kwenye moja.

Nimezipitia mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Moja tu, na hiyo naijua mwandiko, ni ya mzee wetu wa KAMA. Sisemi jambo lenyewe ni dogo. Siku maaskofu wetu watakapoamua, litatugusa hata sisi wa Kisauni, hapa Mombasa. Lakini nadhani naelewa kilichotokea. Canterbury unaweza kuikasirikia mchana kutwa na usimuudhi mtu hata mmoja uliyekaa naye benchi moja. Kalamu ikishikwa, na karatasi haina jina, ndipo yanapotoka ya nyumbani.

Ya nyumbani kwanza ni pesa, kama kawaida. Roshani ya kanisa letu ilianza kujengwa kijana wangu akiwa darasa la nne. Sasa ana miaka 24, na vyuma bado vimechomoza juu ya ukuta kama miiba ya samaki aliyeliwa. Kwa hiyo karatasi zinagombana ndani ya mkebe. "Tumalize jengo, tunachekwa." "Harambee zimetuchosha." "Mgao wa dayosisi upunguzwe, parishi haina hata ya kupaka rangi." "Mgao ulipwe kwa wakati, kasisi wetu asiaibike mbele ya wenzake." Hizi nitazimudu, nitaandika "Fedha" kwa herufi kubwa na kila mtu atajiona humo. Ila kuna moja nimeiweka pembeni: "Mnasoma majina ya waliotoa elfu tano. Sisi wa hamsini tulibatizwa bila majina?"

Wanasiasa wametajwa mara saba. Askofu Mkuu wetu wa Kenya, Sapit, alikataza mwaka 2021 wasipewe kipaza sauti ibadani, na kwetu hawapewi. Wanapewa viti vya mbele, vika anawatambulisha mmoja mmoja, na bahasha inapita mlango wa vestri. Mwaka 2024, vijana walipojaa barabarani mwezi wa Juni kupinga kodi mpya, kanisa nalo halikusalimika kwenye midomo yao, na walikuwa na haki. Karatasi moja inasema: "Wakija, wakae tunapokaa sisi, chini ya feni iliyoharibika." Hiyo nitaipeleka kama ilivyo, neno kwa neno. Vika akiikata, shauri yake.

Kuna karatasi imeandikwa kwa mkono unaotetemeka, herufi kubwa kubwa, nayo inasema: "Ibada ya Kiswahili itakufa na sisi."

Hapo nilizima tochi kidogo, nikakaa gizani.

Ibada yetu ya kwanza ni ya Kiswahili, saa moja asubuhi. Ya saa tatu na nusu ni ya Kiingereza, na ndiko vijana waliko, wale waliobaki. Nani angeamini, Mombasa hii? Mmisionari Krapf alifika hapa 1844, akamzika mke na mtoto mchanga mwaka uo huo kule Mkomani, na bado akaketi kujifunza maneno ya watu wa hapa mpaka akaacha kamusi nzima, iliyochapishwa 1882 yeye akiwa amekwisha kufa. Kiswahili cha kanisa kilipikwa kwenye chungu cha Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa. Nyanya yangu alisema "ndia" mpaka siku ya kufa kwake, hata kitabu kikimwandikia "njia" waziwazi. Watoto wa leo wanazungumza Kiswahili kwenye matatu, wanakorofishana kwa Kiswahili, wanachumbiana kwa Kiswahili, kisha Jumapili wanamwambia Mungu Kiingereza. Siwalaumu. Cha saa moja tumekifanya kiwe cha matangazo ya misiba.

Nyanya. Alikuwa wa Frere Town, na huwezi kumwelewa bila kuielewa Frere Town. Babu yake alikuwa Myao, akatolewa kwenye jahazi la watumwa angali mtoto, akaletwa bara hii ya Kisauni ambako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha kijiji mwaka 1875 kwa watu kama yeye. Hakuwa na shangazi wala mjomba. Hakuna mtu chini ya jua aliyeweza kumwambia wewe ni mtoto wa fulani. Alipewa jina la kizungu kwenye maji ya ubatizo, likageuka jina la ukoo. Kengele yao ingali pale Kengeleni, magari yanaipita mchana na usiku, na makanga wanaliita jina hilo bila kujua kwamba ile kengele ilipigwa kuwaonya watu kuwa wawinda watumwa wanakuja. Nyanya alikuwa akituambia: watu wengine wana ukoo, halafu wanakwenda kanisani. Sisi kanisa ndilo ukoo. Kwa hiyo aliponiona nikitaka kukosa ibada hakusema habari za dhambi. Alisema, "Watadhani umekufa."

Leo ukikosa hawadhani kitu.

Nalijua hili kwa sababu ya kijana wangu. Miaka miwili iliyopita bodaboda ilimwangusha Bamburi, mguu ukavunjika mara mbili, akalala nyumbani miezi minne. Alikuwa amebatizwa hapa, akapata kipaimara hapa, akapiga kinanda hapa tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Alipopona hakurudi. Anakwenda kwenye huduma moja iliyokodi ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ghorofa ya pili, spika zinatikisa madirisha hadi upande wa pili wa barabara. Siku moja nikamwuliza, mwanangu, tumekukosea nini?

"Mama, nani alikuja kunitazama?"

Nikamtajia rafiki zangu wawili wa Muungano wa Akina Mama. Walikuja na machungwa.

"Wale walikuja kwako, mama. Mimi nilikuwa chumbani."

Kisha akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo liliniuma, kwamba kule kwao alikosa Jumapili mbili kwa sababu ya zamu ya kazi na watu watatu wakampigia simu. Nikataka kumwambia habari za sadaka wanazoziita mbegu za kupanda kule, na gari la mchungaji wao, na jinsi mahubiri yao yanavyoanza na kuishia kwenye mafanikio. Yote hayo ni kweli na bado nayaamini. Lakini wale watatu walipiga simu.

Nikirudi kwenye mkebe, kuna maneno mawili matatu ya vijana wa saa tatu na nusu waliowahi kufika mapema: tuimbe nyimbo mpya, tupewe nafasi kwenye baraza la parishi, mahubiri yapunguzwe. Ya mahubiri naunga mkono kwa mikono miwili.

Na kuna hii, iliyoandikwa maneno mawili tu: "Tusisahau Shakahola."

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi. Tulihubiriwa juu ya manabii wa uongo Jumapili kadhaa mfululizo, nasi tukatikisa vichwa, tukishukuru kimoyomoyo kwamba tuna askofu, tuna sinodi, tuna kitabu cha sala, kwetu mtu hawezi kuamka tu na kuwaambia watu wafunge mpaka wafe. Nilishukuru pia. Leo usiku nafikiria jambo jingine. Watu walioingia mle walikuwa na majirani. Wapo waliotoa watoto shuleni, wakauza walichokuwa nacho, wakafungasha, na mambo hayo hayafanyiki kwa siku moja. Yuko mtu kwetu, kwenye ibada ya saa moja au ya saa tatu na nusu, ambaye akianza kuuza vyombo vyake kesho, tutajua? Au tutagundua tukikosa mtu wa kupanga viti?

Karatasi ya mwisho haina kitu. Nimeigeuza pande zote mbili. Imekunjwa vizuri, mara nne, kama mtu aliyejali. Labda ni mtoto. Labda ni mtu asiyejua kuandika na akaona haya kusema, na mimi, mwalimu wa miaka thelathini na moja, sikuwaza hata kidogo kumwuliza mtu kama anahitaji mwandishi.

Stima imerudi. Mbu nao.

Jumanne, 11 Novemba

Vika amenitumia mpangilio wa ripoti: Uinjilisti, Fedha na Miradi, Vijana, Umoja wa Kanisa, Mengineyo. Nimejaribu tangu asubuhi. Canterbury inaingia vizuri sana kwenye Umoja wa Kanisa, inajaza nusu ukurasa yenyewe, na karatasi yake ni moja. Ile ya shilingi hamsini sijui niitie wapi. Nikiitia Fedha inakuwa habari ya fedha, nayo si habari ya fedha. Isiyo na kitu siwezi kuitia popote, ila siwezi kuandika kwamba zilikuwa 62.

Jirani yangu alipita kuniletea kaimati, akaniona nimezungukwa na vikaratasi mezani, akauliza kama ni kura. Nikamweleza. Akacheka, akasema hata msikitini kwao wazee wanalia vijana wameketi nje na simu mpaka imamu atoe salamu. Tukafarijiana kidogo kwa hilo, jambo ambalo pengine si jema.

Alipoondoka nikaenda kabatini nikatoa daftari langu la darasa la kipaimara la mwaka 2014. Nilikuwa nalifundisha kila Jumamosi mchana, joto la kuua, kwenye kile chumba cha mabati. Majina 31. Nikachukua kalamu nyekundu, mazoea ya kazi, nikaanza kutia alama kwa kila ninayejua aliko. Kijana wangu, alama. Yule aliyekwenda Qatar, alama. Wawili waliooana, alama mbili. Yule aliyefariki, nikasita, nikatia alama. Nikafika tisa, kalamu ikakwama. Ishirini na wawili niliwafundisha Kanuni ya Imani kwa kichwa, nikawashika mkono kuwapeleka mbele ya askofu, na sijui kama wako hai.

Namba moja ilikuwa imeandikwa pembeni kwa penseli, ya msichana aliyekuwa akiuliza maswali mengi kuliko wote. Aliwahi kuniuliza kama Pontio Pilato anafurahi kutajwa kila Jumapili. Ilikuwa namba ya mamake. Nikapiga. Mama akanipa ya binti. Nikapiga hiyo.

Iliita sana. Nilipokuwa karibu kukata, akapokea, nyuma yake kelele za cherehani, nyingi, kama kiwandani.

"Shikamoo Mwalimu." Alikuwa bado ana namba yangu. Kisha sauti ikashuka: "Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki.

Akanyamaza. Nikasikia anatoka nje, mlango ukafungwa, cherehani zikawa mbali.

"Basi ni mchango wa nini, Mwalimu? Mwezi huu sina, lakini mwisho wa mwezi naweza kutuma kidogo."

Si mchango, nikasema. Nilikuwa nataka kujua uko wapi.

Akacheka, kicheko cha mtu asiyejua aseme nini, kisha akaanza kuniambia. Tuliongea dakika kumi na moja, mpaka salio langu likaisha katikati ya sentensi yake, naye akapiga tena.