Skuta ya kukodi: Hanoi niliendesha, Roma nilitembea

Leseni yangu ina daraja la pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoamua mengine yote, na ndilo jambo ambalo hakuna mwenye duka la skuta aliyeniuliza Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Wanatazama pasipoti, wanapokea hela, wanakukabidhi ufunguo. Mgeni anaondoka akiamini kwamba kama ingekuwa si halali wasingempa.

Wangempa tu. Leseni ni shauri lake na polisi, na zaidi ya polisi, shauri lake na kampuni ya bima. Bima nyingi za safari zina sharti lililojificha kurasa za nyuma: ukiumia ukiendesha chombo usicho na leseni yake, au ukiwa kichwa wazi, gharama za hospitali utazibeba mwenyewe. Yangu niliisoma neno kwa neno kabla ya kununua tiketi. Ilikubali pikipiki ya hadi cc 125, mradi niwe na leseni inayotambulika katika nchi ninayoendesha.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonipa kazi. Vibali vya kimataifa vya udereva vinavyotumika sana ni vya aina mbili: cha Mkataba wa Geneva wa 1949 na cha Mkataba wa Vienna wa 1968. Vietnam inatambua hicho cha 1968. Ukifika na kile kingine, hata kama kina mihuri yote, trafiki hana haja nacho. Tena kibali hukatwa nchini kwako kabla hujasafiri, na hubeba madaraja yaleyale yaliyo kwenye leseni yako. Leseni ikiwa ya gari tu, kibali nacho ni cha gari tu. Zile tovuti zinazouza "leseni ya kimataifa" ndani ya dakika chache ni utapeli mtupu.

Dukani nilikuwa msumbufu kidogo, na sijutii. Mwenye duka alitaka abaki na pasipoti. Nikakataa, nikampa amana ya fedha taslimu pamoja na nakala ya pasipoti, akanung'unika, akakubali. Kisha nikaizunguka skuta nikiirekodi video kwa simu: kila mkwaruzo, vioo, geji ya mafuta, hali ya tairi. Nikajaribu breki ya mbele na ya nyuma, kila moja peke yake, nikiwa bado uani. Kofia niliyopewa kwanza ilikuwa ganda jepesi lisilo na sponji ndani, la kumridhisha askari tu. Kofia ngumu ni lazima huko tangu Desemba 2007, lakini sheria ni kitu kimoja na fuvu la kichwa ni kitu kingine. Nikaomba nyingine yenye mkanda unaobana.

Hata hivyo sikuondoka. Nilivuka barabara, nikakaa pembeni mwa makutano na kutazama kwa muda mrefu. Kwa mbali msongamano wa Hanoi unaonekana vurugu, lakini una utaratibu wake. Mwendo ni wa polepole. Kila mtu anamwangalia aliye mbele yake na kumwachia wa nyuma jukumu la kumkwepa. Honi haina hasira. Mtu anakujulisha tu kwamba yupo. Anayeleta hatari ni yule anayebadili mawazo ghafla, yaani anayefunga breki bila sababu au anayeyumba kutafuta njia kwenye simu. Wageni wengi hufanya vyote viwili kwa pamoja.

Mimi nimezoea kushika kushoto, na kule wanashika kulia. Kwa hiyo nilianza alfajiri, kulizunguka Ziwa Magharibi, ambako barabara inafuata ukingo wa maji na makutano si mengi. Kukata kushoto ndiko kulikonitesa, kwa kuwa unakatiza mbele ya wanaokuja. Dawa niliyoipata ni kujibanza ndani ya kundi la wenyeji wanaokata nao, tukavuka kwa pamoja. Kundi likikosekana, nilipitiliza na kutafuta njia ya kuzunguka. Usiku sikuendesha, mvua ikinyesha niliegesha, na bia niliiacha kabisa: tangu 2020 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva Vietnam ni sifuri.

Raha yenyewe niliipata kwenye daraja la Long Bien, lile la chuma linalovuka Mto Mwekundu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. (Watu hupenda kumtaja Eiffel, yule wa mnara wa Paris; waliolijenga ni kampuni ya Daydé & Pillé.) Katikati inapita reli, pembeni pikipiki na baiskeli, magari hayaruhusiwi. Na juu ya daraja hilo vyombo hushika kushoto! Nilivuka nikienda na kurudi bila sababu yoyote.

Nilipoirudisha skuta, mwenye duka aliweka kidole kwenye mkwaruzo ulio chini ya taa. Nikamwonyesha video. Amana ikarudi yote.

Roma nilifika na leseni ileile, na bima ileile, lakini sikukodi. Katikati ya mji barabara nyingi zimetandikwa mawe madogo ya mraba, sampietrini, ambayo yakilowa huteleza kama sabuni, na tairi dogo la skuta hupata tabu kwenye mianya yake. Isitoshe, kutoka Pantheon hadi Colosseum ni mwendo wa miguu tu. Skuta ingenipa kazi ya kutafuta maegesho.

Asiye na daraja la pikipiki sioni akikodi mahali popote, na likizo si shule ya udereva. Niliyesafiri naye Hanoi alikuwa hivyo. Aliita pikipiki za abiria kwa programu ya Grab, akakaa nyuma akipiga picha mikono yote miwili ikiwa huru. Alifika kote nilikofika, na mara nyingi nilimkuta keshaagiza kahawa.