Asubuhi Mbili Kleinbaai

Kabla ya kulipa chochote niliomba nikione kizimba, kile cha chuma ambacho mtu husimama ndani yake majini kutazama papa. Ilikuwa Julai 2019, huko Kleinbaai, bandari ndogo iliyo jirani na Gansbaai, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Cape Town. Kizimba kilikuwa kimelazwa kando ya mteremko wa kushushia boti, bado kinachuruzika maji, na kijana aliyekuwa akikiosha kwa mpira wa maji alinisogezea kwa heshima nikipime nipendavyo.

Nilianzia kwenye maungio. Vyuma vyenyewe hupakwa zinki visishike kutu, ila pale vilipochomelewa ndipo kutu huanza, na chumvi ikishaingia kwenye ufa mdogo hula kuelekea ndani pasipo mtu kujua. Ukikuta wekundu unaong'oka kwa ukucha, hapo si pa kuingia. Sikukuta. Vyuma vya pembeni viliachana upana wa kiganja, lakini usawa wa macho palikuwa na uwazi mrefu wa kupitishia kamera, karibu shubiri nzima. Upande wa ndani kulikuwa na fimbo ya kushikia, iliyowekwa mbali kidogo na ukuta wa nje ili vidole visichungulie baharini, na nyingine chini ya kuingizia vidole vya miguu. Juu, maboya manne. Kizimba hicho hakizamishwi: hufungwa ubavuni mwa boti kwa kamba mbili, kichwa cha mtu kikibaki nje ya maji, na mfuniko huachwa wazi au hurudishwa kadiri bahari ilivyo.

Ule uwazi wa kamera ndio ulionishughulisha zaidi. Oktoba 2016, katika kisiwa cha Guadalupe cha Mexico, papa mweupe alifuata chambo, akagonga kizimba na kuingia kabisa ndani. Mzamiaji aliyekuwamo alitoka salama. Walioona picha wengi walidhani papa alikuwa akimtaka mtu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na maumbile yake ni kwamba papa hawezi kuogelea kinyumenyume. Pua ikishapenya kati ya vyuma, njia yake ni moja tu, kusonga mbele, na kadiri anavyojisukuma ndivyo vyuma vinavyoachana. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye boti si kama chuma ni kinene. Ni nani anashika kamba ya chambo, na anakivuta kuelekea wapi. Chambo kikivutwa sambamba na kizimba, papa hupita ubavuni. Kikivutwa moja kwa moja kuelekea kizimba, papa atagonga kizimba, kwa sababu dakika ya mwisho anapofungua kinywa macho yake huyaviringisha nyuma kuyalinda, na hapo haoni mbele.

Nilimwuliza kijana yule. Alinijibu bila kusita kwamba anayevuta ni mtu mmoja, siku zote yuleyule, na huvuta kutoka pembe ya tezi, yaani nyuma ya boti. Jibu hilo lilinipa moyo kuliko unene wa chuma.

Nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hajui kuogelea. Yeye ndiye aliyeitaka safari hii. Mimi nimezoea kupiga mbizi na sikuwa na hofu ya maji, lakini nilikuwa na mashaka mengine: niliona haya kumwaga supu ya samaki baharini ili papa aje nimtazame. Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991, na biashara ya vizimba huendeshwa kwa vibali. Boti haziruhusiwi kumlisha papa kwa makusudi. Harufu ni ya kumwita, chambo ni cha kumsogeza, na anayeshika kamba hutakiwa akiondoe kabla hajakidaka. Akikidaka mara kwa mara, ama kwa uzembe ama kwa kuwafurahisha wateja, papa hujifunza kwamba boti ni mahali pa kula. Asipokipata, huzunguka mara chache kisha akaenda zake. Nililiona jambo hilo linategemea mkono wa mtu yuleyule wa kamba, na nikaamua kwamba nikimkubali yeye, nimeikubali safari.

Lakini papa gani? Mtu akiuliza "kuna papa?" ataambiwa ndiyo. Tuliuliza: wiki hii mmeandika papa wa aina gani, na wangapi? Boti makini huandika kila safari. Daftari tulilofunguliwa lilionyesha papa wa shaba, karibu kila siku, na papa mweupe hakuwamo hata mmoja katika kurasa tulizosoma.

Wenyeji walijua sababu. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa ufukoni hapo Gansbaai, vifua vimepasuliwa, maini hayapo. Wanaotajwa sana ni nyangumi wauaji wawili, waliopewa majina ya Port na Starboard kwa sababu pezi la mgongoni la mmoja limelala kushoto na la mwingine kulia. Ini la papa ni kubwa na limejaa mafuta, nao hulichukua hilo na kuuacha mwili uliobaki. Papa weupe waliosalia walihama, wakakaa mbali kwa miezi mingi. Nafasi waliyoiacha ikajazwa na papa wa shaba, ambaye akikua sana hufika mita tatu hivi, mwenye rangi ya kahawia inayong'aa jua likimpiga.

Shemeji alikaa kimya kidogo na lile daftari. Alikuwa amekuja kwa ajili ya papa mweupe. Nikamwambia, "Shemeji, kama ni mweupe tu unayemtaka, turudi leo. Kama ni papa, tubaki." Akasema tubaki.

Asubuhi ya kwanza tulikataa kwenda. Hakukuwa na upepo, anga jeupe, na mtu asiyeizoea bahari ile angesema imetulia. Usiku uliopita dhoruba ya kusini ilikuwa imepita mbali, na mawimbi yake ndiyo yaliyokuwa yakifika. Nilisimama kwenye ukuta wa bandari kwa dakika 20 nikihesabu sekunde kati ya mgongo wa wimbi na mgongo wa linalofuata: 14, 15, 14, 14. Kwa wasafiri hesabu hiyo ina maana kuliko kimo cha wimbi. Wimbi la sekunde 6 lina urefu wa mita 56 hivi kutoka mgongo hadi mgongo, nalo huanza kuigusa sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 28. La sekunde 14 lina urefu wa mita 300 na zaidi kwenye maji ya kina, na huanza kuihisi sakafu likiwa bado kwenye mita 150. Kule nje hulioni, linakuinua taratibu na kukushusha. Likifika kwenye mwamba linafunga breki chini, juu linakusanyika, linasimama na kuvunjika pale ambapo dakika tano zilizopita palikuwa shwari. Pale Kleinbaai boti hutoka kwenye mlango mwembamba kati ya miamba na misitu ya mwani mrefu, na kila baada ya mawimbi saba au nane madogo niliona matatu yakiufunga mlango huo kwa povu.

Aprili 2008 boti ya watalii wa papa ilipinduliwa na wimbi karibu na Gansbaai, na watalii watatu wakafa. Papa hakuhusika. Mtu anayekaa usiku kucha akifikiria meno anafikiria hatari ndogo kuliko zote za siku ile.

Boti moja ilitoka asubuhi hiyo, na ilirudi salama. Hilo halikubadili mawazo yangu, wala sikuona kwamba tulikosea. Tulikuwa tumeambiwa kwamba atakayeghairi saa hiyo hatarudishiwa fedha zake, ila angeweza kuhamishiwa siku nyingine nafasi ikiwapo. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa. Mtu asiye na siku ya pili mfukoni huenda hata pale ambapo macho yake yamemwambia asiende, kwa hiyo tangu mwanzo tulikuwa tumetenga siku tatu.

Usiku huo tulimeza vidonge vya kichefuchefu, na vingine saa moja kabla ya kupanda boti. Kidonge kinachomezwa tumbo likiwa limeshaanza kuvurugika hakisaidii, maana hutapikwa pamoja na chai. Vidonge hivyo huleta usingizi, kwa hiyo pombe haichanganywi navyo. Asubuhi tulikula mkate mkavu na ndizi. Tumbo tupu huchafuka upesi kama lililojaa.

Siku ya pili sekunde zilikuwa 9 na 10, na mlango wa bandari ulibaki wazi muda wote nilioutazama. Boti ilishushwa majini kwa trekta. Tulikaa kati ya boti kuelekea tezi, ambako mtikisiko ni mdogo, lakini upande ambao moshi wa injini haukuja, macho kwenye upeo wa bahari. Nanga ilitupwa, na baharia akaanza kumwaga ile supu: samaki waliosagwa na maji ya bahari na mafuta, kikombe kimoja kwa wakati, si ndoo. Harufu yake ndiyo iliyowalaza wasafiri wawili hata kabla papa hajaonekana.

Maji yalikuwa nyuzi 13. Tulipewa suti za mpira za milimita 7, kofia, na viatu. Suti ikining'inia mgongoni haina faida, maana kila ukisogea inavuta maji mapya ya baridi. Ibane mwilini hadi uone tabu kidogo kuinua mikono. Nilimwomba baharia amimine jagi la maji ya vuguvugu kifuani kabla sijaingia, na kila anayepanga kwenda ningemwambia aombe hivyohivyo. Maji ya baridi yakiingia ghafla, kifua hujikaza na mtu huvuta pumzi bila kutaka. Ukiwa umeinamisha uso ndani ya maji wakati huo, unayavuta maji.

Miwani huijaribu ukiwa bado juu. Ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo puani, iachie. Ikibaki imeganda ni ya uso wako. Kisha hakikisha ukingo wa kofia haukulaliwa na mpira wa miwani, kwani hapo ndipo maji huingilia kwa karibu kila mtu anayelalamika kwamba miwani yake ni mbovu. Sharubu nene nazo hupitisha maji, na mafuta mazito ya kupakaa husaidia kidogo.

Kisha mkanda wa risasi, ule wenye vipande vya madini mazito, kilo nane hivi, kwa sababu suti nene inaelea na bila uzito miguu ingepanda hadi kwenye mfuniko. Hakuna mtungi wa hewa. Unasimama kichwa nje, baharia anapaza sauti "Chini! Chini, kushoto!", unavuta pumzi moja ya kawaida, unajivuta chini kwa fimbo, unatazama, unarudi juu. Usihemehe harakaharaka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kupunguza kaboni dioksidi mwilini, ile inayokuambia upande juu, na mtu anaweza kuzimia akijiona hana shida. Wenye pumu au ugonjwa wa moyo wangemwuliza daktari wao kabla hata ya kufikiria kizimba.

Tulikuwa watano. Shemeji alikuwa wa mwisho kwenye ngazi. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya kizimba, boti ikapanda na wimbi, kizimba kikashuka, na ule mwanya kati yao ukafunguka na kufunga tena. Hapo ndipo watu huumia, miguu na vidole hubanwa hapo. Alisubiri wimbi la pili, akalisubiri la tatu, kisha akautoa mguu wake.

Kuna msemo wetu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye ngazi ya kizimba msemo huo ni mbaya, na nilishukuru kwamba hakuna aliyemtolea. Baharia alimshika kiwiko, akamvua mkanda wa risasi kwanza kabla ya kitu kingine chochote, akamwonyesha ngazi ya kupanda sitaha ya juu.

Mimi nilibaki majini kwa dakika 25. Maji yalikuwa ya kijani, na sikuona zaidi ya mita tatu. Papa wa shaba wa kwanza alitokea kama kivuli kilichokosa mwanzo, ubavu tu, kisha mkia. Wa pili alipita karibu hadi nikaona matundu madogo meusi yaliyotapakaa puani kwake, yale anayohisi nayo umeme hafifu wa viumbe na wa chuma majini. Aligusa chuma cha pembeni kwa pua, si kwa nguvu, akageuka. Wa tatu sikumwona zaidi ya pezi. Baridi ilipoanza kunitetemesha taya nilitoka, kwani mtu anayetetemeka hashiki fimbo vizuri.

Shemeji alikuwa bado juu, ameegemea uzio, miwani ya jua machoni. Kutoka kimo kile jua halirudishi mng'ao, na papa aliye mita moja chini ya maji huonekana mwili mzima, toka pua hadi mkia, akizunguka boti. Alikuwa amewahesabu kwa alama walizonazo mapezini: mmoja mwenye ncha iliyokatika, mwingine mwenye kovu jeupe nyuma ya kichwa. Alifika saba. Akaniuliza mimi nimeona wangapi.