Duh na Kabula

"Dada, we ndo Duh?"

Kijana wa maegesho hapa Makoroboi, Mwanza, wala hakuwa ananitania. Mashine ilikuwa mkononi, anaingiza namba, na kwake yeye jina langu ndilo hilo. Namba ya gari langu inaanza na T kama za wenzangu, zinafuata tarakimu tatu ambazo naziweka kapuni, kisha D, U, H. Mfumo ulinipangia bure. Nilicheka, nikalipa, nikafungua duka, lakini asubuhi nzima nikawa nawaza juu ya gari ambalo lilikuwa liitwe Kabula.

Miaka kadhaa iliyopita, Passo yangu ilipofika bandarini Dar, wakala alinipigia. Nilikuwa na mteja, simu nimeibana begani, nakata kitenge. "Dada, namba tuache itoke yenyewe au unataka ya jina?" Mkasi ukasimama katikati ya ua. Sikujua kwamba mtu wa Passo naye huulizwa swali hilo. Namba za jina nilizoea kuziona kwenye mashangingi yanayopanda Capri Point, mtaa wa wenye nazo, vioo vyeusi, ndani hujui kuna nani ila nje jina limeandikwa kubwa (jambo ambalo mpaka leo sijalielewa: unajificha au unajitangaza?).

Nikamwambia nitampigia. Mteja alipoondoka nikachukua kikokotoo. Bajeti ya 2016/17 ilishapandisha ada ya namba binafsi kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, na hiyo ni ya miaka mitatu tu, kisha unalipa tena. Milioni 10 gawanya kwa miezi 36: 277,777 na ushee kila mwezi. Kwa siku ni 9,000 na chenji, uwe umeuza au umekaa unapunga nzi. Na Passo yenyewe haikuipita hela hiyo kwa mbali. Ni kama kununua kanga ya elfu kumi, halafu ukalipia upindo elfu tisa.

Binamu yangu, ambaye hujui lini anakutania na lini hakutanii, aliwahi kunitumia habari ya Dubai: Aprili 2023 namba P 7 iliuzwa kwa mnada dirhamu milioni 55. Chini yake akaandika, "Wenzio hao." Sikumjibu.

Lakini ile hamu ilikuwa ya siku nyingi. Kwetu ni Sengerema, na mtu wa Sengerema wa umri wangu amekulia kwenye foleni ya kivuko, Kigongo ukitoka Mwanza, Busisi ukirudi. Foleni ile ilinifundisha kusoma kabla ya mwalimu. Tulikaa kwenye kivuli cha basi, mimi na kaka zangu, tunatafuna miwa na kusoma namba. Ya njano ni ya mtu binafsi, nyeupe ya biashara. STK ya serikali, SU shirika la umma, PT polisi, JW jeshi. DFP ilitutesa. Baadaye tukaambiwa ni magari ya miradi ya wafadhili, lakini sisi tulishaamua ni Dagaa, Furu na Perege. Kwetu perege anaitwa sato, ila P ilikuwa lazima ipate samaki wake.

Siku moja likaja gari lenye jina la mwanamke. Halikuwa na tarakimu hata moja, jina tu. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, kanga kajitanda. Nikamwambia nikikua nitanunua gari niandike Kabula, jina lake. Hakusema kitu. Nikadhani amefurahi.

Basi wakala alipopiga tena jioni nikamwambia aache itoke yenyewe. Ikatoka DUH. Hata yeye alisita kidogo kabla ya kunisomea.

Sasa mwaka huu duka limechangamka kidogo, na yule kijana wa maegesho kanichokonoa. Jumapili nikavuka kwenda kwa mama. Nasema nikavuka kwa mazoea tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kushuka, kusubiri wala kununua mayai ya kuchemsha. Kilomita tatu juu ya maji zinaisha kabla hujasoma vizuri namba ya aliyekutangulia.

"Mwadila mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua dagaa. Vichwa huku, mchanga kule. Nikazunguka zunguka na habari za wajukuu, za bei ya mchele, mpaka nikafika. Nikamwambia, mama, nafikiria kubadilisha namba ya gari, niweke jina lako.

Alinyanyua dagaa mmoja, akamtazama, akamtupa.

"Ng'wanone (mwanangu), mimi nilishakuwa mtumbwi. Sasa unataka niwe gari?"

Sikuwa naijua habari hii. Kumbe baba alipopata mtumbwi wake wa kwanza wa dagaa, kabla mimi sijazaliwa, aliupaka rangi ya bluu na ubavuni akaandika KABULA kwa nyeupe. Mama alikuwa bibi arusi, akaona raha. Raha ikadumu kama wiki mbili. Wavuvi wakaanza kupita nyumbani alfajiri, wanapiga hodi kwa baba: "Mzee, Kabula anavuja!" "Kabula jana kalala upande." "Kabula anataka kalafati, kaachia chini." Majirani wanasikiliza, wake kwa waume. Siku mtumbwi ulipokosa samaki, mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakasema Kabula hana kitu. Siku ulipokodishwa kwa mtu wa kijiji cha pili, mama anasema, hicho walichosema hawezi kukirudia mbele ya dagaa wa kula.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka, ila mkono ulisimama kidogo kwenye ungo.

"Nilimwambia baba yako, ama jina langu litoke majini leo, ama mimi nitoke humu ndani." Baba akachukua msasa. Akaandika MAMBO BADO, na hilo ndilo jina nililolikuta mimi.

Kisha akaniuliza maswali yake, moja moja, kama mtu aliyekwishayafikiria tangu siku ile juu ya gunia la viazi. Trafiki akikukamata, ataandika nani kakamatwa? Ukipita Igoma wakati wa mvua, tope linamrukia nani? Ukiliuza, unauza nini? Nikasema ukiliuza namba unaibandua. Akasema, "Haya, mimi nimebanduliwa," akaenda kuteka maji.

Jina lenyewe ni la mvua. Kabula ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mama hupenda kusimulia jinsi bibi alivyojifungua nyasi za paa zikivuja. Kwa hiyo kuvuja kulikuwemo tangu mwanzo, lakini hilo sikuthubutu kulisema.

Nilipofika Mwanza usiku nikaona kioo cha nyuma. Wapwa zangu walikuwa wamechezea vumbi kwa kidole: KABULA, kwa herufi za mtoto wa darasa la pili, B imegeukia upande wa pili. Chini yake, DUH yangu ya njano. Nikakaa nayo siku tatu, kwenda na kurudi dukani, kijana wa maegesho akasoma vyote viwili na hakuuliza.

Leo nimepeleka gari kuoshwa pale Buzuruga. Nikamwambia kijana, kioo cha nyuma usiguse. Akasema sawa dada. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi kioo kilikuwa kinang'aa, na kijana anakipitishia kitambaa cha mwisho, ametabasamu, anasubiri nimpe ya soda.