Tundu Lililofunguka Tena

Nilizaliwa na haipospadia, yaani tundu la mkojo likiwa upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, na nikafanyiwa upasuaji nikiwa bado mchanga. Nyumbani jambo hilo lilihesabiwa kuwa limekwisha. Kwa hiyo, nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi yangu na nikaona mkojo ukivuja pembeni mwa kovu, nilidhani mshono wa zamani umeachia, nikaenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo nikitaka kitu kimoja tu: tundu lile linalovuja lizibwe.

Hakuligusa. Aliniagiza ninywe maji mpaka kibofu kijae, kisha nikojoe kwenye faneli iliyounganishwa na mashine ya kupima kasi ya mkojo. Karatasi ilitoka na mstari uliopanda kidogo, ukalala bapa, ukaendelea hivyo hadi mwisho. Juu yake akachora kwa kalamu umbo la mlima, ambalo ndilo lingetarajiwa kwa kijana wa umri wangu, kilele chake kikipita mililita 15 kwa sekunde. Mimi sikufika 10. Nilikuwa nimezoea kukawia msalani, hata sikujua kuwa wenzangu humaliza upesi.

Alinieleza kuwa mrija wa mkojo ulikuwa umebanwa na kovu karibu na ncha, na mkojo, ulipokosa njia mbele, ulisukuma ukuta kwa nyuma mpaka ukatoboka pale palipokuwa dhaifu. Kuziba tundu bila kupanua njia kungelifanya lifunguke tena. Nikamuuliza kama aliyenipasua utotoni alikosea. Akajibu kuwa fistula, yaani tundu la kuvuja kama langu, na kubanwa kwa mrija hutokea hata upasuaji ukifanywa vizuri, na pengine hujitokeza baada ya miaka mingi, ndiyo maana mtoto hufuatiliwa hadi baada ya kubalehe. Mimi, kidonda kilipopona, hakuna aliyeniita tena, na hilo linaniudhi hadi leo.

Alipanua sehemu iliyobanwa kwa kupandikiza utando wa ndani ya shavu, kwa kuwa govi lilikwisha tumika katika upasuaji wa kwanza. (Kwa sababu hiyo mtoto wa namna yetu hatahiriwi kabla ya kuonwa na mpasuaji.) Niliondoka nikiwa na mpira wa mkojo uliofungwa pajani na shavu lililouma kuliko kidonda chenyewe. Alisubiri miezi kadhaa ili kovu lilainike, ndipo akaliziba tundu la kwenye mrija, akiweka tabaka la tishu kati ya mrija na ngozi ili mishono isikutane.

Sasa napimwa kila mwaka kwa mashine kama ile, hata ninapojiona mzima.